Maua si viazi

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, na mkeo mwambie kitenge kimenikaa vizuri. Unaniuliza kama hii tabia ya kuona mabaya kwanza umeirithi kwangu, maana hata mkataba wa hilo duka la Makambako umeshindwa kuusaini. Mambo ya kurithi siyajui. Ninalolijua ni shamba letu la viazi la Isyonje.

Unaukumbuka usiku wa sakitu, ile baridi ya kugandisha umande, ulipokuwa darasa la 5? Ilikuwa Juni, mbingu imetakata, nyota tele. Sisi wa Uporoto tunaujua usiku wa namna hiyo: baridi huteremka mlimani kama maji, ikatuama bondeni. Kulipokucha mimi niliingilia chini, kijitoni. Majani yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Kufika saa 4 yakawa meusi. Baba yako aliingilia juu, barabarani. Akaniita kwa jina la dada yako: "Njoo uone, maua yote yamesimama!" Shamba moja hilohilo.

Maua si viazi, nimekwambia tangu unanyonya. Lakini siku ile sikuchimba, na hapo ndipo panaponiuma hadi leo. Kuchimba kwenyewe ni nini? Unapenyeza vidole viwili chini ya shina, unapapasa, unajua. Sikupapasa hata shina moja. Mchana dalali akapita, baba yako yuko msibani, nikamuuzia shamba zima likiwa bichi.

Walipokuja kuvuna, bondeni walitoa vigololi. Kule juu, mwanangu, viazi vya kujaza kiganja! Walishindilia lumbesa, wakashona vilemba vya magunia kwa kamba, Fuso ikainama. Baba yako hakunisema. Alisimama pembeni akihesabu magunia kwa sauti, kama anawahesabia wao. Angenisema ningepumzika.

Haya, lakini pesa ile ndiyo iliyokununulia sare na viatu shule zilipofunguliwa Julai. Na mwaka uliofuata, si yeye aliyengoja bei ipande? Mvua ikakata barabara, viazi tukawalisha nguruwe. Kwa hiyo maua si viazi, nalishikilia hilo. Ila majani meusi nayo si viazi, na hili la pili sijui kwa nini sikuwahi kukufundisha.

Usiniulize kati yetu nani aliona sawa. Jibu ninalo, ila mwenyewe yuko hapa anasikiliza redio, na mimi sisemi. Ingawa sehemu kubwa ya shamba ilikuwa bondeni, hilo hata yeye halikatai. Basi, sisemi.

Huko Makambako nenda ukakae siku nzima mbele ya hilo duka, uhesabu wanaoingia na wanaotoka na kitu mkononi. Kisha ndiyo uogope, kama bado utataka.

Baba yako anakusalimu. Amepanda miparachichi 40, bondeni, palepale. Kila asubuhi anakwenda kuitazama. Mimi nimeshaanza kuulizia bei ya kuni.

Mama yako