Thuwaiba hahitaji herufi ya ziada

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu anaitwa Thuwaiba, jina la bibi yake mzaa baba. Shuleni anaitwa Suwaiba, dukani Tuwaiba. Kuna bwana mmoja wa mambo ya nyota ameniambia niandike Thuwwaybah, eti litatamkika sawasawa na hesabu ya herufi itamkalia vizuri mtoto. Anataka sh 50,000. Jina hili lina watu wengi nchini? Nilibadilishe? (Mama Thuwaiba, Mbagala)

JIBU: Marahaba, Mama Thuwaiba. Hiyo elfu hamsini mnunulie mtoto viatu vya shule.

Kwa wingi, utalikuta zaidi Unguja, Pemba na mwambao kuliko bara, kwa familia zinazomkumbuka Thuwaiba aliyemnyonyesha Mtume kabla ya Bi Halima. Namba usiniulize. Marekani wana orodha za majina ya watoto kuanzia mwaka 1880, na hata wao jina lililopewa watoto chini ya watano kwa mwaka hawaliweki. Hapa kwetu orodha ya aina hiyo haipo hadharani, kwa hiyo programu ya simu inayokutajia jina lako ni la ngapi Tanzania imejipikia yenyewe.

Sasa hilo la matamshi, ambalo naletewa kila wiki. Watu wamejiaminisha kwamba ukiongeza herufi, mdomo wa mwenzako utanyooka. Haunyooki! Anayesema Suwaiba hakukosa kusoma th. Ndiye huyohuyo anayesema "selasini" na kukuuliza "samani" ya gari lako, kwa sababu lugha nyingi za bara hazina sauti hiyo na yeye amekulia humo. Mwandikie w mbili, y na h ya mwisho, bado atasema Suwaiba, tena sasa kwa kusitasita. Wa dukani ameona t na h akazisoma mbalimbali. Mtajie "methali" na "thamani" papo hapo, atalipata: ncha ya ulimi kati ya meno, pumzi ipite, koo lisitetemeke. Likitetemeka umeshaingia kwenye dh ya dhahabu.

Na bibi akimwita Thuweba, mwache. Ai ya Kiarabu ikifika kwetu mara nyingi hulainika ikawa e. Ndivyo Sulayman alivyokuwa Selemani na Zuwayna akawa Zuwena. Hakuna aliyelipia mabadiliko hayo.

Huyo bwana wa nyota hata ufundi wake mwenyewe haujui. Hesabu ya abjadi, ile inayoipa kila herufi namba yake, inahesabu herufi za Kiarabu, ambamo thaa (th yetu) ni 500 na siin (s yetu) ni 60. Jina la mwanao kwa Kiarabu lina herufi zilezile, uandike Thuwaiba au Thuwwaybah. Hizo w na y anazokuuzia ni za kizungu, abjadi haizijui. Nisiseme zaidi, maana nitaambiwa napiga vita riziki za watu.

Kinachoniudhi ni kwamba gharama ya mchezo huu inakuja kulipwa na mtoto. Cheti cha kuzaliwa kinasema Thuwaiba, mama amesikia ushauri, rejista ya shule ikaandikwa Thuwwaybah, mwalimu wa darasa la saba akapeleka Suwaiba kwenye mtihani. Binti anafika kuomba kitambulisho cha taifa, mkopo wa chuo au pasipoti, anaonekana watu watatu. Hapo ndipo mbio za kwa wakili zinaanza, viapo na hati ya kubadili jina, na kila ofisi inataka nakala yake. Nimewaona wasichana wenye ufaulu mzuri wakihangaika na herufi moja ambayo mzazi aliiongeza ili jina lipendeze. Siku hizi wapo na wanaotunga tahajia "za kipekee" kwa makusudi: Neyma, Khadeejah, Aysher. Mtoto atatumia maisha yake kuwatajia makarani jina lake herufi kwa herufi.

Kwa hiyo wewe nenda shuleni na cheti cha kuzaliwa mkononi, kabla majina hayajapelekwa popote, uhakikishe rejista inasema T-h-u-w-a-i-b-a. Mwalimu akiendelea kumwita Suwaiba mdomoni, hilo lina nafuu. Akiliandika hivyo, rudi siku hiyohiyo.