Kwa mnaoanza kushika mafaili ya 202, yaani maombi ya mapitio ya uamuzi wa kaunsili (halmashauri ya mtaa) kuhusu kukosa makazi, chini ya kifungu cha 202 cha sheria ya nyumba ya England

Wiki iliyopita nilikaa pembeni ya dawati nikimwangalia mdogo wangu mmoja wa kazini akiandika malalamiko kwa kaunsili kwamba mapitio ya mteja wake yamechelewa. Kurasa tatu. Hasira yote ina haki, lakini tarehe hakuna hata moja. Nilimnyang'anya kibodi, anisamehe. Nawapenda nyote na mna moyo kuliko tuliowatangulia, ila haya makosa nimeyaona yakirudiwa mara nyingi mno, kwa hiyo nayaandika.

1. Tarehe kwanza. Mteja ana siku 21 za kuomba mapitio tangu apewe barua ya 184, ile ya uamuzi wa kwanza wa kaunsili. Wiki 8 za kaunsili kutoa jibu la mapitio zinaanza siku ombi lilipowafikia, hata kama ofisa alikuwa likizo. Mapitio ya hatua walizoahidi kuchukua kumsaidia mteja ni wiki 3. Andika siku ya mwisho juu ya jalada la faili, kwa wino mwekundu, siku hiyo hiyo unayotuma.

2. Wakiomba kuongezewa muda, usijibu haraka. Hili nitalieleza kirefu kwa sababu bado linaniuma.

Nilikuwa na mama mmoja Mkongomani, watoto wawili. Barua ya 184 ilisema amejitakia mwenyewe kukosa makazi. Tukaomba mapitio mapema, na kaunsili ikakubali abaki kwenye chumba cha muda wakati wanaangalia. Siku mbili kabla ya wiki 8 kuisha, Ijumaa saa kumi jioni, ofisa wa mapitio akaniandikia: ana mafaili mengi, anaomba wiki 4 zaidi. Nilijibu kwa barua pepe kwenye simu, nimesimama kituo cha basi: tunakubali. Sikumuuliza mama. Sikutaja chumba. Nilidhani nikimtendea ofisa wema, mteja wangu naye atatendewa wema.

Wiki ya pili ya nyongeza hiyo ikaja barua ya kusitisha chumba. Nilipofika alikuwa ameshafunga vitu, mifuko sita myeusi ya taka imepangwa mlangoni. Sare ya shule ya mkubwa ilikuwa bado juu ya hita, haijakauka. Akaikunja hivyo hivyo na unyevu wake, akaitia kwenye mfuko mmojawapo. Akaniuliza, "Dada, si uliniambia bado wanaangalia?" Sikuwa na la kumjibu.

Nikapeleka malalamiko ya ucheleweshaji. Jibu lilikuwa na mistari minne: hakuna kilichochelewa, mwakilishi wake aliridhia nyongeza kwa maandishi. Wakaambatanisha barua pepe yangu. Na kwa hilo walikuwa na haki. Nisingeridhia, siku ile wiki 8 zilipokwisha bila jibu tungekuwa na njia ya kwenda mahakama ya kaunti kwa rufaa ya kifungu cha 204 kuupinga uamuzi wa kwanza, na kupigania chumba tukiwa na rufaa mkononi. Mlango huo niliufunga mimi, kwa neno moja, nikisubiri basi. Walilala wiki tano sebuleni kwa mama mmoja wa kanisani kwao. Mapitio yalipotoka, uamuzi wa kwanza ulifutwa. Mteja wangu alikuwa na haki tangu mwanzo.

Siku hizi namuuliza mteja kwanza, kwa lugha yake. Akiridhia, naandika: siku ngapi hasa, kwa sababu gani, na chumba kibaki mpaka siku 21 baada ya uamuzi kutoka. Wasipokubali hilo la chumba, nasi hatukubali.

3. Malalamiko hayasimamishi saa. Ombudsmani, yule mchunguzi huru wa malalamiko, anaweza kuikuta kaunsili na kosa la kuchelewesha na kupendekeza iombe radhi na kulipa fidia, lakini uamuzi wenyewe haugeuzi. Wiki 8 zikiisha kimya, siku 21 za kukata rufaa mahakamani zimeshaanza kukimbia. Kwa hiyo asubuhi hiyo mpigie wakili wa nyumba anayefanya kazi za msaada wa kisheria. Malalamiko utayaandika mchana. Na jamani, ni ombudsmani wa serikali za mitaa na huduma za jamii! Mwezi uliopita mmoja wenu alipeleka kwa yule wa nyumba, tukapoteza muda wote wa kusubiri majibu.

4. Ile barua ya "tunaelekea kukataa", inayokuja kabla ya uamuzi wa mapitio, ijibiwe kila mara. Ndani yake mteja ana haki ya kujieleza hata kwa mdomo, na wengi husema vizuri zaidi kuliko tunavyowaandikia.

5. Kwenye malalamiko, kila tarehe na mstari wake, kisha madhara: mtoto anapanda mabasi mawili kwenda shule, familia iko hotelini kupita wiki 6.

Mdogo wangu wa kurasa tatu jana ameniletea rasimu nyingine. Nusu ukurasa, tarehe saba. Faili lake jingine linatimiza wiki 8 Alhamisi, na namba ya wakili ameshaibandika kwenye kioo cha kompyuta.