Ukiambiwa "tutalikalia kitako", uliza siku

Nilipotaka kuoa, ami yangu aliniambia, "Jambo lako hili tutalikalia kitako." Nikarudi zangu nimefurahi. Wiki ile ile nikaenda kwenye ofisi moja kufuatilia karatasi yangu, tarishi akaninong'oneza: "Mkubwa kaikalia." Na mie, kwa akili zangu, nikafurahi tena! Nilidhani nayo inajadiliwa. Kumbe imo mtoto wa meza, imefungiwa ufunguo.

Kwa hivyo ukisikia kitako, kuna mazungumzo, muulize mzee, "Lini, ami?" Ukisikia kukaliwa tupu, funga safari mwenyewe.

Neno hili "kukaa" limetupita wengi. Rafiki yangu mmoja alihamia Unguja kutoka Tanga, akenda kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali mtaani, kuomba barua. Sheha akamuuliza, "Umekaa hapa muda gani?" Akajibu, "Tangu saa mbili, sheha, na foleni haisogei." Mwenzake anauliza ukaazi. Hapa kwetu kukaa ni jambo la kitambulisho kabisa: Mzanzibari Mkaazi.

Tena kuna baraza. Nyumba za Mji Mkongwe nyingi zina baraza za mawe nje ya mlango, watu wakitoka alasiri wanakaa, kahawa inapita, siasa inapita. Neno limepanda daraja hadi Baraza la Wawakilishi, ndilo bunge la Zanzibar, tangu 1980, nalo lina vikao vyake. Kote wanakaa na kote wanasema. Tofauti naiona kwenye posho.

Ukiambiwa mama fulani anakaa eda, basi usimpelekee kadi ya harusi. Huenda kaachwa, au kafiwa na mumewe, na eda ya aliyefiwa ni miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue akiwa mja mzito.

Na ukibisha hodi ukaambiwa "Karibu kitako", kaa, hata dakika mbili. Mie nilizoea kujibu "Nashukuru, nina haraka" nimesimama mlangoni, mpaka shangazi akaniuliza kama nimekuja kudai.

Wazee walikaa kweli, Ijumaa baada ya sala, nikaoa. Ile karatasi niliiendea asubuhi, nikavuta kiti mbele ya meza ya mkubwa, nikakaa kimya. Adhuhuri akafungua mtoto wa meza akanipa. Imejikunja pembe zote, utasema ilikaliwa kwelikweli.