Jibu: Lugha inayokataa programu ya kulipuka kabla haijaendeshwa ipo

Ndugu, umeuliza kama kuna lugha ya programu ambayo kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa maagizo ya mashine) ikishakubali msimbo wako, una hakika hautakwama data ikiongezeka, bila kuweka saa wala kuhesabu hatua. Zipo, na zina nadharia kamili nyuma yake. Naandika kirefu kwa sababu swali hili lilinishika kazini hapa Mombasa.

Ofisi moja ya mawakala wa forodha, karibu na bandari ya Kilindini, ilinipa programu ya kulinganisha orodha za kontena. Orodha fupi ilikwisha papo hapo. Meli kubwa ikiingia, skrini inaganda na makarani wanarudi kwenye karatasi. Nilipoufungua msimbo nikakuta kwamba kila kontena yenye namba isiyosomeka vizuri ilirudufisha orodha yote ya majibu yanayowezekana, kisha orodha hiyo iliyorudufishwa ikapelekwa kwa kontena ya shaka inayofuata. Kontena 30 za shaka zinakupa majibu 1,073,741,824; huko ndiko kulipuka. Kurudufisha orodha mara moja hakuna ubaya wowote. Ubaya ni pale jibu la mzunguko linapogeuzwa kuwa kipimo cha mzunguko mwingine.

Hapo ndipo nadharia inaposhika. Alan Cobham, katikati ya miaka ya 1960, aliweza kuzielezea fankisheni za muda wa polinomia (ambazo hatua zake hazizidi kipeo fulani kisichobadilika cha urefu wa data, kama mraba au mchemraba) kwa kanuni za kujirudia, yaani fankisheni kujiita yenyewe, lakini alimtaka mwandishi atangulize mwenyewe mpaka wa ukubwa wa jibu. Mwaka 1992 Stephen Bellantoni na Stephen Cook waliondoa sharti hilo. Viingizo vya kila fankisheni waliviweka pande mbili za nukta-mkato. Vya kushoto vinaruhusiwa kuongoza mzunguko. Vya kulia unaweza kuchungulia biti (tarakimu ya 0 au 1) ya mwisho, kuiondoa au kuongeza nyingine, lakini huzunguki juu yake, na jibu la mzunguko hukaa kulia daima. Fankisheni ya kurudufisha inataka kiingizo cha kushoto, kwa hiyo hailishwi jibu hilo. Basi! Kwa sheria hiyo tu, fankisheni unazoweza kuandika ndizo zilezile zinazokokotoleka kwa muda wa polinomia, haizidi hata moja wala haipungui.

Daniel Leivant alifika karibu na hapo miaka hiyohiyo kwa kupanga data kwa ngazi. Jean-Yves Girard alipitia mantiki: mwaka 1998 alitoa mantiki nyepesi ya linia, ambamo ruhusa ya kutumia dhana moja zaidi ya mara moja inabanwa sana.

Sasa usikimbilie kushangilia. Kinachotimia ni fankisheni, si algoriti: kila jibu la muda wa polinomia lina njia ya kuandikika, lakini si kila njia ya kulifikia inakubaliwa. Chukua upangaji wa kuchomeka: unapanga mkia wa orodha (vyote ila cha kwanza), halafu unachomeka kichwa (hicho cha kwanza) mahali pake. Uchomekaji unazunguka juu ya jibu la upangaji, umbo lilelile la programu yetu iliyolipuka, kwa hiyo Bellantoni na Cook wanaukataa ingawa hatua zake hazizidi kiasi cha mraba wa urefu wa orodha. Itabidi upange kwa njia nyingine. Hili halitibiki lote, maana kuamua kama programu yoyote ile inakwisha kwa muda wa polinomia ni swali lisiloamulika. Lugha ya namna hii lazima ikatae baadhi ya programu nzuri, na kwangu mimi ubora wake unapimwa kwa zile inazozikataa.

Ndiyo maana nampenda zaidi Martin Hofmann. Mwaka 1999 aliweka aina maalumu ya data inayoandikwa kwa alama ya almasi: huongezi kitu kwenye orodha bila kutoa almasi moja, na almasi huipati ila kwa kubomoa orodha nyingine. Kuinakili ni marufuku. Sisi wa bandarini tutaielewa haraka: hupakii mzigo mpya mpaka uwe na kontena tupu, na kontena tupu inatoka kwenye mzigo ulioshushwa. Uchomekaji unatumia almasi moja iliyokuja na kichwa, unapita. Kurudufisha kunataka almasi mbili kwa kila kitu, na ya pili haina inakotoka.

Programu ya ofisini niliiandika upya kwa fikra hiyo. Kila kontena ya shaka inaamuliwa kwa uzito na namba ya sili kabla ya kwenda kwa inayofuata, na orodha hairefuki tena. Meli kubwa sasa haiwatoi makarani jasho.

Wewe ukitaka kuanza, usianze na makala za Girard, ni nzito. Tafuta Resource Aware ML, zana ya kuchambua programu, ya Jan Hoffmann (huyu ana f mbili, ni mtu mwingine, ingawa kazi hii waliifanya pamoja). Inasoma programu za mtindo wa lugha ya OCaml na kukutafutia mpaka wa polinomia yenyewe. Ipe kwanza upangaji wa kuchomeka, kisha ipe fankisheni ya kurudufisha inayojilisha jibu lake, uone inapokwama.