Mama mkwe wako si mchawi

*Shangazi, nimeolewa miaka tisa, tunakaa Nyali, Mombasa. Mume wangu ana duka la vipuri vya magari. Halina wateja sana, lakini Mungu ametujalia nyumba mbili, moja kwa jina langu. Mwezi uliopita nilimsikia usiku akizungumza kwa simu juu ya mzigo wa jahazini, ndipo nikajua anauza unga, dawa za kulevya. Kinachoniumiza zaidi ni mamake, anayekaa Kibokoni. Hali chakula kwangu, na friji niliyompelekea aliirudisha. Nifanyeje anipende?*

Pole, mwanangu. Hofu ya usiku naijua.

Lakini hilo la "mwezi uliopita" kamwambie mwingine. Duka halina wateja, nyumba mbili zimesimama, na miaka tisa hukuuliza? Plagi na bolti hazijengi Nyali. Hukuuliza kwa sababu jibu ulikuwa nalo. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Mama mkwe wako yuko sawa, na mimi niko upande wake. Mwanawe anamjua tangu hana viatu. Kila alfajiri akifungua mlango anawakuta mateja wamelala barazani, watoto wa majirani zake, aliowapikia uji. Wewe wampelekea friji ya pesa hiyo hiyo atie maziwa! Lila na fila havitangamani.

Nyinyi wa siku hizi mposaji akija mwatazama gari. Zamani wazee walikwenda hadi mtaani kwake, wakamuuliza imamu, wakamuuliza hata muuza mahamri: huyu anaamka saa ngapi, anadaiwa na nani, kazi yake nani kaiona? Posa ilichukua miezi. Sasa ni picha za mahari mtandaoni, na anayeuliza chanzo cha mahari anaitwa hasidi.

Usiniambie wakubwa hawashikwi. Ndugu wa Akasha, Baktash na Ibrahim, walikuwa wauza unga wa mji huu huu. Januari 2017 walipelekwa Marekani, na mahakama ya New York ikampa Baktash miaka 25, Ibrahim 23. Baba yao alishauawa kwa risasi Amsterdam mwaka 2000. Na hiyo nyumba yenye jina lako isikupe kiburi. Kenya ina sheria ya mapato ya uhalifu tangu 2009, na Serikali yaweza kuiomba mahakama itwae mali hata kama hakuna aliyefungwa. Atakayeulizwa pesa zilitoka wapi ni wewe mwenye hati. Utajibu bolti?

Usimkabili bwanako peke yako. Mzigo huo una wenyewe, na hawana mchezo. Usitie sahihi karatasi nyingine yoyote. Tafuta wakili wako, asiwe yule wa mumeo. Kisha chukua watoto uende Kibokoni mikono mitupu, usibebe hata sukari. Akikufungulia, usianze na habari ya friji.