Nina Security+, nifuate cheti gani? Jibu la mtu aliyeanza kwa kukosea

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. Umefaulu Security+, cheti cha kuanzia cha usalama wa mifumo, mwezi uliopita, kazi ya usalama wa mifumo hujawahi kuifanya, sasa hujui ufuate CEH (cha udukuzi wa kimaadili), OSCP (cha kuvamia mifumo kwa vitendo) au uruke moja kwa moja hadi CISSP (cha wazoefu wa usalama). Halafu unataka kujua kama ni kweli vyeti ni karatasi tu, kama walivyokujibu wenzangu hapo juu. Mimi ninavyo vinne, kimoja wapo najuta kukifanya, na kwa miaka kadhaa sasa ni mimi ninayesaili watu. Jibu langu ni refu, nivumilie.

Nianze na aibu yangu. Nilipopata Security+ nilijiona nimeukata. Unaujua mtihani wenyewe: maswali yasiyozidi 90, dakika 90, na kufaulu ni 750 kwenye kipimo kinachoishia 900. Mimi nilivuka vizuri tu. Wiki chache baadaye nikaitwa kwenye usaili wa kazi ya zamu, kuchambua matukio usiku. Msaili, mama mmoja mtu mzima, hakuniuliza maana ya neno lolote. Alinisogezea karatasi mbili zilizochapwa logi za Windows, yaani orodha ya matukio ambayo kompyuta hujiandikia, akasema, "Niambie unaona nini."

Nikaona 4625 zimejaa. Kwa asiyejua, hiyo ni namba ya tukio ambalo Windows huliandika mtu anaposhindwa kuingia kwenye akaunti. Akifaulu huandikwa 4624. Nikajibu bila kusita: hapa kuna mtu anabahatisha nywila, na dawa yake ni kuifunga akaunti baada ya majaribio matano. Nikaongezea na maelezo niliyoyakariri kuhusu nywila ndefu. Yule mama akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Kijana wangu, sijakuuliza dawa. Nimekuuliza unaona nini."

Kilichokuwa pale ni hiki. Anwani ya IP, yaani namba ya kompyuta yake kwenye mtandao, ilikuwa moja, ileile, lakini jina la mtumiaji lilibadilika kila mstari. Kila akaunti ilijaribiwa mara moja, kisha jamaa akahamia nyingine. Ile dawa yangu ya majaribio matano isingemgusa, maana hakuna akaunti iliyofikisha hata mawili. Alikuwa na nywila moja nyepesi, anawanyunyizia watumishi wote, akingoja mzembe mmoja. Na mzembe alipatikana: chini kabisa ya karatasi ya pili kulikuwa na 4624 moja, aina ya 10, yaani kuna mtu ameingia na kuiendesha kompyuta hiyo akiwa mbali. Sikuiona kabisa. Kazi sikupata, na ningekuwa mimi nisingejiajiri.

Hapo ndipo wanaosema "karatasi tu" wanapopiga makofi. Ngoja kwanza. Kile kiti nilichokalia kunyolewa bila maji nilikipataje? Tangazo lilitaja Security+ kwa jina. Anayepokea maombi mara nyingi si mtu wa mifumo. Ana rundo la barua na orodha ya vitu vya kutafuta, asiyekuwa navyo anawekwa pembeni. Bila cheti nisingefika hata pa kuaibikia. Wengi wanaokuambia vyeti havina maana wana miaka kumi kazini na majina yao yanafahamika, kwa hiyo wao kweli hawavihitaji. Wewe huna hiyo miaka kumi.

Kwa hiyo kwangu mimi cheti kazi yake ni kukufikisha kwenye usaili, basi. Ukishakaa, mwenye swali anataka kujua macho yako yamezoea kuona nini. Ndiyo maana nikikuchagulia cheti siangalii jina lake lina sifa kiasi gani, naangalia njia ya kukipata itakulazimisha kugusa nini kwa mikono.

CISSP iache kwa sasa. Si kwamba huwezi kuusoma. Ni kwamba cheti chenyewe kinadai miaka 5 ya kazi ya kulipwa katika angalau nyanja mbili kati ya nane za mtihani huo, na shahada au cheti kingine kinachokubalika kitakupunguzia mwaka 1 tu. Ukifaulu mtihani bila uzoefu huo unaitwa Associate of ISC2 (ISC2 ndilo shirika linalotoa CISSP), na unapewa miaka 6 ya kuutafuta. Kuna vijana wanaofika kwangu wameandika CISSP kwenye wasifu wakati wao bado ni Associate. Kanuni haziruhusu, na mtu wa usalama anayeanza kwa kudanganya kuhusu kanuni, usaili wangu naye huwa mfupi sana.

CEH ifanye kama matangazo ya kazi unayoitaka yanaitaja. Jua tu kwamba mtihani wake mkuu ni wa kuchagua jibu, maswali 125 kwa saa 4, na ule wa vitendo unafanywa peke yake. Soma matangazo ishirini ya kazi unayoitamani, hesabu ni cheti gani kinajirudia. Zoezi hilo litakusaidia kuliko maoni yangu.

OSCP nina la kusema zaidi, kwa sababu ilinitoa jasho. Unapewa saa 23 na dakika 45 za kuvamia mashine ulizopangiwa, huku unatazamwa kwa kamera, halafu saa 24 nyingine za kuandika ripoti. Unahitaji alama 70 kati ya 100. Yaliyomo siwezi kuyasema, masharti hayaruhusu, lakini nilivyoanguka mara ya kwanza ni mali yangu, naruhusiwa kuieleza. Sikuanguka kwa kushindwa kuvamia. Alfajiri, macho yanawaka, niliingia kwenye mashine niliyoihangaikia usiku kucha, nikalifungua faili la ushahidi, nikanakili zile herufi na kuzituma. Nilichosahau ni kupiga picha ya skrini inayoonyesha faili lile pamoja na anwani ya IP ya mashine. Maelekezo yalisema wazi picha hiyo ni lazima. Nilipokaa kuandika ripoti, muda wa mashine ulikuwa umekwisha, na picha sikuwa nayo. Alama za mashine ile zikapotea, nami nilikuwa nazihitaji zote.

Nilikasirika siku tatu. Leo kazini, kila tukio ninalochunguza, picha na muda naviandika kabla sijagusa kitu cha pili, na hilo sikulipata darasani. Mara ya pili nilifaulu. (Tangu Novemba 2024 anayefaulu hupewa na OSCP+, ambayo huisha baada ya miaka 3, OSCP yenyewe haiishi.)

Lakini mkuu, kwako hata OSCP naona mapema. Ukiuingia bila kujua seva inavyoishi siku zake za kawaida, utatumia miezi kukariri amri za watu wengine. Tafuta kwanza kazi ya mezani, ya kusaidia watumiaji au kusimamia mtandao, hata kama haina neno "usalama". Huko utaona nywila zinavyosahauliwa, akaunti za waliohama zinavyobaki wazi, na masasisho yanavyoahirishwa kila wiki. Mshambuliaji naye anaishi humohumo.

Na usidhani usalama ni udukuzi tu. Mwenzangu mmoja hakupenda kabisa skrini nyeusi za kuandikia amri, alipenda kusoma taratibu na kuuliza "nani aliidhinisha hili?" Akafuata CISA, cheti cha wakaguzi wa mifumo kilichoanza 1978, na leo ndiye anayenitoa mimi jasho kila ukaguzi unapofika.

Maswali ya mtihani yaliyovuja yanayouzwa mitandaoni, usiyaguse. Ukikamatwa cheti kinafutwa, na usipokamatwa huko, mimi nitakukamata kwa swali la tatu. Kumbuka pia kwamba Security+ yako ina uhai wa miaka 3. Kuihuisha kwa mafunzo kunahitaji alama 50, anza kuzikusanya sasa, usingoje mwaka wa mwisho.

Kile ninachojuta sikitaji jina, maana kosa si la wanaokitoa. Nilikifanya kwa sababu marafiki watatu walikuwa nacho. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake.

Leo usiku fanya hivi. Kwenye kompyuta yako ya Windows kosea nywila makusudi mara tatu, kisha ingia kawaida. Fungua Event Viewer, programu ya Windows inayoonyesha logi, sehemu ya Security, uzitafute 4625 zako tatu na 4624 iliyozifuata, usome kila mstari: akaunti gani, aina ipi ya kuingia, saa ngapi. Kama 4625 hazionekani kabisa, kuna mpangilio wa ukaguzi unaozuia zisiandikwe. Utafute uko wapi na uuwashe. Utakachokikuta kirudishe hapa, pamoja na ile mistari usiyoielewa, tuanzie hapo.