Maswali na Majibu: Kumtunza Mgonjwa Kitandani

Baba amepata kiharusi, kutwa yuko chali. Juu kidogo ya matako ngozi imekuwa nyeusi zaidi na ina joto. Nimsugue mafuta ya nazi? (Shela, Lamu)

Usipasugue hata kidogo. Hapo mfupa umeibana ngozi na godoro, damu haipiti, na ukisugua unazidi kuumiza nyama iliyo chini. Ni mwanzo wa kidonda cha kulalia. Kwa ngozi nyeusi usingoje wekundu: gusa kwa mgongo wa kiganja, ulinganishe na ngozi ya pembeni. Pakiwa na joto au baridi zaidi, pagumu au pakibonyea kama uji, pameshaumia.

Mgeuze kila baada ya saa 2, usiku pia. Usimlaze ubavu moja kwa moja, maana uzito wote utaangukia nyonga. Mwinamishe nyuzi 30 tu, mto mmoja mgongoni, mwingine katikati ya magoti. Mwingine uweke chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse kitu. Kumsogeza ni kazi ya watu wawili: mnyanyueni kwa shuka, msimburute. Na kama ni kitanda cha kamba kilicholegea, kazeni kamba leo hii, kwani kiuno kikizama hapo katikati ndipo uzito unapokusanyika. Ngozi ikichubuka au ikitoa maji, mpelekeni hospitali.

Niko chuo cha uuguzi. Kuna ubaya gani kuhesabu pumzi sekunde 15 kisha nizidishe mara 4? (Malindi)

Ukikosea pumzi 1, umekosea 4. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Ukipata 25 au zaidi, au 8 au chini, mwite daktari papo hapo. Hesabu dakika nzima huku umemshika mkono kana kwamba bado unapima mapigo, kwa sababu akijua unamhesabia hubadilisha pumzi bila kukusudia. Kipimo hiki ndicho kinachoandikwa kwa kukisia kuliko vyote, nacho mara nyingi hutangulia kubadilika mgonjwa anapoanza kuzidiwa. Tafadhali usikikisie.

Mama yangu akinywa chai anakohoa, sauti inakuwa kama ina maji. (Mambrui)

Huenda chai inaingia njia ya hewa, na nimonia hufuata. Acha kumpa kitu kwa mdomo mpaka apimwe umezaji, na mpeleke leo, asikae bila maji. Akisharuhusiwa, mketishe wima, kidevu kiiname kidogo, kijiko kidogo kimoja kimoja, na abaki ameketi dakika 30. Akisinzia, usimlishe.

Wodini kwetu wamelazwa akina Fatma Omar wawili. (Lamu)

Basi usiulize, "Wewe ni Fatma Omar?" Wote wawili watasema ndiyo, na mwenye homa kali huitikia jina lolote. Mwambie ataje mwenyewe majina yake matatu na tarehe ya kuzaliwa, kisha ulinganishe na faili na karatasi ya dawa kabla hujafungua dawa yoyote.